NANI ATAMFIKIA KIJANA KWANZA?

Leo twataka kutazama sinema za zamani za Marekani zilizoonyesha jinsi kijana avutwavyo katika genge. Huenda mwingine akauliza, "Sinema na Neno la Mungu, wapi na wapi?" Tusikilizane kidogo.

Tangu mwaka 1920 hadi 1933 sheria ya Marekani ilikataza kutengeneza na kuuza pombe. Watu hawakuacha kunywa, basi magenge yakaiuza kwa siri na kutajirika. Hollywood nayo ikatengeneza sinema juu ya mambo hayo. Mwaka 1931 ilitoka The Public Enemy, iliyoongozwa na William Wellman. Humo twawaona Tom na rafiki yake Matt, watoto wa Chicago. Hawakuanza na bunduki. Walianza na saa za wizi, wakampelekea mtu mzima aliyewakaribisha kwake. Walipokua akawapa bastola. Siku mambo yalipoharibika, walimkuta amekwisha kutoroka. Mwisho wa Tom ni maiti iliyoletwa mlangoni pa mama yake.

Tuangalie sana jambo hili. Genge halimwambii kijana, "Njoo ufe." Humwambia, "Njoo, wewe ni mwenzetu." Humpa jina, fedha na mahali pa kuketi. Katika Mithali 1:10-19 baba amwonya mwanawe vivyo hivyo: washawishi humwahidi kugawana naye nyara, lakini mtego wao huwanasa wao wenyewe.

Mwaka 1938 ikatoka Angels with Dirty Faces, ya Michael Curtiz. Wavulana wawili, Rocky na Jerry, wajaribu kuiba katika behewa la gari moshi. Wakifukuzwa, Rocky amwokoa Jerry asikanyagwe na gari moshi. Kisha Jerry, mwenye mbio zaidi, aponyoka. Rocky akamatwa na kupelekwa shule ya kurekebisha tabia. Miaka ikapita. Jerry akawa padre, Rocky akawa jambazi mashuhuri, na watoto wa mtaani wakamwona shujaa. Rocky alipohukumiwa kufa, padre alimwomba afe kama mwoga, ili watoto wasimfuate. Akakataa, kwa maana sifa ya ushujaa ndiyo mali pekee iliyombakia. Lakini alipofikishwa penye kiti cha umeme, alilia na kuomba ahurumiwe. Je, ilikuwa hofu, au ilikuwa zawadi yake ya mwisho kwa wale watoto? Sinema haisemi. Mungu ndiye ajuaye moyo.

Ndugu zangu, Jerry hakuponyoka kwa sababu alikuwa mwema. Kosa lilikuwa moja. Miguu ndiyo iliyotofautiana. Basi sisi tuketio kanisani tusimdharau kijana aliyenaswa. Wala tusingoje mpaka afike jela ndipo tumpelekee Biblia. Padre Jerry alimpenda rafiki yake, lakini ombi lake kuu alilitoa saa ya kufa.

Wazee walisema, samaki mkunje angali mbichi. Yuko kijana karibu nawe ambaye hakuna mtu amwitaye kwa jina lake. Mwite leo. Mpe kazi, mpe kiti mezani pako, umsikilize. Usipomwita wewe, yuko mnunuzi wa saa za wizi atakayemwita.

Bwana atupe macho ya kumwona. Amina.