Kompyuta ilivyopima hatari ya kuziba njia ya nyumbu

BARABARA ikishajengwa haing'olewi ili watu wajionee mambo yangekuwaje bila hiyo. Hilo ndilo lililowatatiza wataalamu wa wanyamapori mwaka wa 2010, serikali ya Tanzania ilipokuwa na mpango wa kujenga barabara kuu ya kuunganisha Musoma na Arusha. Barabara hiyo ingepasua sehemu ya kaskazini ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, si mbali na mpaka wa Kenya.

Kipande cha ndani ya hifadhi kilikuwa cha takriban kilomita 50 tu. Hata hivyo, hapo ndipo nyumbu wanapopitia kila mwaka wakielekea Maasai Mara kutafuta maji na malisho, na ndipo wanapopitia tena wakirejea kusini.

Walioutetea mpango huo walisema wanyama wangeizoea lami na kuivuka. Walioupinga walisema uhamaji ungekoma kabisa. Kusema kweli pande zote mbili zilikuwa zikikisia, maadamu hakuna ambaye angeweza kujenga ukuta katikati ya mbuga, asubiri miaka hamsini, kisha ahesabu mizoga.

Ndipo kikundi cha watafiti kilipoamua kuujenga ukuta huo ndani ya kompyuta. Mnamo 2011, Ricardo Holdo na wenzake, akiwemo Anthony Sinclair ambaye amewachunguza wanyama wa Serengeti tangu miaka ya sitini, walichapisha matokeo ya jaribio hilo.

Mbinu waliyotumia huitwa uigaji. Mtafiti huandika programu inayofuata kanuni zilezile zinazoaminika kuongoza maisha ya mahali fulani: mvua inavyonyesha, nyasi zinavyoota, wanyama wanavyokula, kuzaa na kufa. Kisha huiacha programu hiyo ijiendeshe, na kwa muda mfupi miaka mingi ya mbugani huwa imepita katika kompyuta.

Si mbinu ngeni. Mnamo 1972, Daniel Botkin na wataalamu wawili wa kampuni ya IBM, James Janak na James Wallis, walichapisha programu iliyoiga ukuaji wa msitu wa jimbo la New Hampshire, Marekani. Iliufuata kila mti: upi unaunyima mwenzake mwangaza, upi unakufa, na upi unachipuka katika pengo lililoachwa. Waliiita JABOWA, jina lililoungwa kutokana na majina yao matatu.

Miongo minne baadaye tamaa ilikuwa imekua. Mnamo 2014 watafiti wa kampuni ya Microsoft na wa kituo cha Umoja wa Mataifa cha uhifadhi kilichoko Cambridge, Uingereza, walitangaza mfano uitwao Madingley, uliokusudiwa kuiga viumbe vya dunia nzima, vya nchi kavu na vya baharini. Kwa kuwa hakuna kompyuta inayoweza kumfuata kila panya na kila ndovu, mfano huo huwaweka wanyama katika mafungu kulingana na ukubwa wa miili yao na wanachokula.

Programu ya Serengeti ni ya unyenyekevu zaidi, na pengine ndiyo sababu inaeleweka kwa urahisi. Ramani ya mbuga nzima imegawanywa katika miraba. Kila mraba una kiasi chake cha mvua kwa kila mwezi na rutuba ya udongo wake, na viwili hivyo ndivyo vinavyoamua wingi na ubora wa nyasi. Nyumbu nao huelekea kwenye miraba yenye chakula bora. Wakishiba huzaa, wakikosa hufa.

Serengeti imeumbwa kwa kinyume cha ajabu. Nyanda za kusini-mashariki zina udongo uliotokana na majivu ya volkano, na nyasi zake fupi zimejaa madini na protini zinazofaa wanyama wanaonyonyesha. Lakini mvua huko ni haba, na kiangazi kikiingia hukauka kabisa. Kaskazini, hadi Mara, mvua ni nyingi na majani hayakosekani, ila ubora wake ni wa chini.

Kwa hivyo mnyama anayetaka kustawi hawezi kukaa pamoja. Mnamo 2009, Holdo, Robert Holt na John Fryxell waliipa kompyuta kanuni mbalimbali, moja baada ya nyingine, na kulinganisha safari za nyumbu wa kubuni na kumbukumbu za mahali makundi halisi yalikoonekana mwezi baada ya mwezi. Kanuni iliyoshinda ni ile iliyotilia maanani mambo yote mawili kwa pamoja, yaani mvua na virutubishi. Bila mtihani wa aina hiyo uigaji hauna tofauti na mchezo wa video.

Isitoshe, historia yenyewe ilikuwa imewapa wanasayansi jaribio ambalo wasingethubutu kulifanya. Sotoka iliyoingia Afrika mwishoni mwa karne ya 19 iliangamiza ng'ombe na nyumbu kwa pamoja. Ng'ombe wa maeneo jirani walipochanjwa, ugonjwa ulitoweka miongoni mwa nyumbu mapema katika miaka ya sitini, nao wakaongezeka kutoka takriban 250,000 hadi zaidi ya milioni moja kufikia mwishoni mwa miaka ya sabini. (Chanjo iliyokuja kusaidia kuifuta sotoka duniani mwaka wa 2011 ilitokana na kazi ya Walter Plowright katika kituo cha utafiti cha Muguga, hapa Kenya.)

Hesabu nyingine iliyochapishwa na Holdo na wenzake mwaka huohuo wa 2009 ilifuatilia kilichotokea baadaye. Nyumbu wengi walikula nyasi nyingi, nyasi zikapungua, mioto ya nyika ikakosa kuni, na miti ikapata nafasi ya kukua. Serengeti, iliyokuwa ikitoa hewa ya kaboni kuliko inavyoihifadhi, ikageuka kuwa ghala lake. Chanjo ya ng'ombe ikawa imeotesha miti!

Mfano ulioeleza kwa nini nyumbu huhama ndio uliopewa swali la barabara. Watafiti waliigawa ramani pale njia ilipopangwa kupita, wakaamuru pasiwe na nyumbu yeyote wa kuvuka. Hawakuondoa hata ekari moja ya malisho. Hata hivyo, baada ya muda idadi ya nyumbu ilipungua kwa takriban theluthi moja.

Sababu yake yafaa kueleweka. Mvua ya mbugani hainyeshi kwa usawa. Leo yaja huku, wiki ijayo kule. Kundi lililo huru hulifuata wingu popote liendako. Likigawanywa mara mbili, kila nusu hubakia na bahati ya upande wake, hata kama nyasi mbichi zimejaa ng'ambo. Malisho ni yaleyale, lakini hayafikiki wakati yanapohitajika.

Wakosoaji wana hoja pia. Barabara si ukuta, na si lazima nyumbu wote wakatae kuivuka. Watafiti wenyewe walisema wazi kwamba walichagua hali mbaya zaidi kwa ajili ya tahadhari. Kwa upande mwingine, barabara kuu huleta malori na wawindaji haramu, na magari yakianza kugonga wanyama huja madai ya kuweka ua. Theluthi ile ni kipimo cha kukatika kwa njia pekee.

Mnamo 2011 serikali ya Tanzania iliiarifu Kamati ya Urithi wa Dunia kwamba kipande cha ndani ya hifadhi hakingetiwa lami. Kesi iliyokuwa imewasilishwa na shirika la kutetea wanyama la ANAW, lenye makao Nairobi, iliamuliwa Juni 20, 2014, Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliposema kuwa kujenga barabara ya lami kupitia hifadhi hiyo kungekiuka Mkataba wa Jumuiya.

Upande wa Kenya haukuhitaji kompyuta kujua ladha ya jambo hili. Nyumbu wakaazi wa Mara, ambao walikuwa wakizaa katika nyanda za Loita, walipungua kutoka takriban 119,000 mwaka wa 1977 hadi 22,000 hivi mwaka wa 1997, kulingana na utafiti ulioongozwa na Wilber Ottichilo, ambaye baadaye, mnamo 2017, alichaguliwa gavana wa Vihiga. Huko malisho yenyewe yalitwaliwa na mashamba ya ngano. Katika miaka ya hivi karibuni ua nyingi zimeongezeka kwenye ardhi ya watu binafsi nje ya hifadhi ya Mara, na kila ua ni mstari mwingine unaokata ramani.

Ugumu uliosalia uko katika kinachotiwa ndani ya programu. Kwa miaka mingi watafiti walichukulia kwamba nyumbu wahamao ni kama milioni 1.3, idadi iliyotokana na sampuli za picha zilizopigwa kutoka kwa ndege. Mnamo 2025 kikundi kingine kilichapisha hesabu kutokana na picha za setilaiti za 2022 na 2023, zilizosomwa na programu iliyofunzwa kumtambua nyumbu mmoja mmoja. Kilipata wasiofika 600,000. Watafiti hao walitahadharisha kwamba tofauti hiyo si lazima iwe na maana kuwa nyumbu wameangamia ghafla. Huenda baadhi walikuwa nje ya eneo lililopigwa picha, au hesabu za awali zilikuwa na kasoro. Hadi jambo hilo litakapotatuliwa, hakuna ajuaye kwa hakika theluthi iliyotabiriwa na kompyuta ni ya nyumbu wangapi.