Sakafu ya Graniti Ikiharibika: Usikimbilie Nta

WAFANYABIASHARA wanaohama fremu au ghala mara nyingi hudaiwa fidia ya sakafu. Lawama huangukia troli na paleti, lakini mharibifu mkubwa ni mchanga unaoingia na magurudumu na viatu.

Katika kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, chenye ngazi 1 hadi 10, graniti iko kati ya 6 na 7. Mchanga mwingi wa barabarani nao hufika 7. Hivyo kila troli inayopita juu ya mchanga inasugua jiwe kama msasa, na njia ya kutoka mlangoni hadi kaunta ndiyo hufifia kwanza.

Kabla ya kumwita fundi, mwenye duka ahakikishe ana graniti kweli. Vigae vingi vinavyouzwa kwa jina hilo ni udongo uliochomwa, navyo vikichakaa hubadilishwa tu. Marumaru ya asili (siyo vigae vinavyoitwa marumaru madukani) hutoa povu ikidondoshewa siki. Graniti haitoi. Jaribio hilo lifanyike pembeni, pasipoonekana.

Hatua ya kwanza ni kugonga kila kigae. Kinacholia kitupu kimeachia saruji chini, na mzigo ukipita kitapasuka. Kibandikwe upya kwanza, kwani kuking'arisha kabla ya hapo ni kutupa fedha. Nyufa na kingo zilizomeguka hujazwa gundi ya epoksi yenye rangi ya jiwe.

Ndipo kazi ya mashine inaanza: maji na pedi za almasi, kutoka zenye chembe kubwa kwenda laini, kwa mfano namba 50, 100, 200, 400, 800, 1500 hadi 3000. Mikwaruzo midogo inaweza kuanzia 400. Fundi akiruka hatua, alama za pedi iliyotangulia zitaonekana taa zikiwaka. Anayemaliza kazi nzima kwa kupaka nta tu amefunika mikwaruzo, hakuiondoa. Nta hiyo itashika vumbi na kuchakaa, na gharama itarudi palepale.

Doa la mafuta ya gari hutolewa kwa uji mzito wa unga wa chaki na asetoni, ukifunikwa nailoni kwa saa 24 au zaidi. Chumba kiwe na hewa na pasiwe na moto, maana asetoni hulipuka haraka. Asidi ya kusafishia choo isitumike kabisa: hula saruji ya maungio, na inaweza kutoa kutu kutoka kwenye chuma kilichomo ndani ya jiwe lenyewe.

Mwisho sakafu ikauke vizuri, kisha idondoshewe maji. Baada ya dakika 10 jiwe likiwa limeiva rangi, linahitaji dawa ya kuziba vitundu. Baada ya hapo ni ufagio mkavu kila siku, sabuni isiyo na asidi, magurudumu ya mpira kwenye troli na mkeka mrefu mlangoni. Mpangaji mpya naye apige picha za sakafu siku anayopokea funguo.