KUZIKINGA MOTA ZA UMEME ZISIUNGUE KATIKA KARAKANA NDOGO

Watumishi wa Serikali na wananchi wenye karakana ndogo majumbani katika Nyakunguru na vijiji vinginevyo vya Wilaya za Tarime na Serengeti, Mkoani Mara, wanaelezwa hapa sababu zinazofanya mota za umeme ziungue na njia za kuzikinga. Maelezo haya yanahusu mashine za kukereza mbao na chuma, za kutoboa, za kuranda na za kunoa. Yanahusu pia mashine za kusaga nafaka, kwa kuwa mota zake ni za aina ileile. Mota ikiungua, seremala hushindwa kumaliza madawati aliyokwisha kupokea malipo yake ya awali, na kaya zilizozoea kusaga ulezi na muhogo wao jirani hubeba mizigo hadi kijiji kingine. Kusuka mota upya ni gharama, na mota nyingi zilizosukwa huungua tena kwa sababu ileile iliyoziunguza mwanzo, maana chanzo hakikutafutwa.

Ndani ya mota mna koili za waya wa shaba uliopakwa vanishi ili mizunguko yake isigusane. Shaba yenyewe huvumilia joto kubwa. Kinachochakaa ni vanishi na karatasi za kuhami. Kibati kilichobandikwa juu ya mota huonyesha daraja la uhami wake: daraja B huvumilia nyuzi 130 za Selsiasi, na daraja F nyuzi 155. Wahandisi hukadiria kwamba kila nyuzi 10 zinazozidi kiwango hicho hupunguza umri wa uhami kwa nusu. Kwa hiyo mota huweza kufanya kazi miezi kadhaa ikiwa imezidiwa, mwenyewe asione dalili yoyote, kisha ikaungua siku ambayo kazi ni nyepesi.

Kosa lililoenea zaidi ni kudhani kwamba fyuzi huilinda mota. Fyuzi huwekwa ili kulinda nyaya pindi zinapogusana. Mota inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mara 5 hadi 7 ya ule wa kawaida, hivyo fyuzi hulazimika kuwa kubwa kuliko mahitaji ya mota ili isikatike kila inapowashwa. Mfano ni mota ya fezi tatu yenye nguvu za farasi 10, yaani kilowati 7.5. Kwa umeme wa volti 400 mota hiyo huvuta karibu ampea 15. Fezi moja ikikatika kwenye nguzo au kwenye swichi iliyolegea, mota iliyokwisha kuanza haisimami. Huendelea kuzunguka kwa fezi mbili zilizobaki, nazo hubeba takriban ampea 26. Joto katika koili hizo huwa karibu mara 3 ya kawaida. Fyuzi ya ampea 32 haitambui jambo lolote, na mota huungua wakati fyuzi ni nzima.

Ulinzi unaofaa ni stata yenye kontakta na relei ya ovalodi. Relei hiyo ina vipande vya metali vinavyopinda kwa joto la mkondo unaopita, na vikipinda kiasi cha kutosha hukata umeme. Kipimo chake kiwekwe sawa na ampea zilizoandikwa kwenye kibati, wala si zaidi. Relei inapokata mara kwa mara, baadhi ya watu hukizungusha kipimo hadi mwisho au huunganisha waya kuipita relei. Kufanya hivyo ni kuiondoa kinga siku inapohitajika. Inunuliwe relei inayotambua upungufu wa fezi, na irejeshwe kwa kubonyeza kwa mkono. Ile inayojirejesha yenyewe huweza kuiwasha randa ghafla mikono ya fundi ikiwa mbele ya kisu. Kontakta yenye vitufe ina faida nyingine pia: umeme ukikatika na kurudi, mashine haianzi mpaka mtu aiwashe.

Sababu ya pili ni umeme hafifu. Nyumba iliyo mwisho wa laini ndefu, mbali na transfoma, hupata volti pungufu hasa nyakati za jioni. Mota ya volti 400 inayopata volti 360 hubaki na takriban asilimia 81 ya nguvu yake ya kuzungusha. Ili kuikamilisha kazi ileile huvuta mkondo zaidi kwa karibu sehemu moja ya kumi, na joto la koili huongezeka kwa kama sehemu moja ya tano. Katika mashine ndogo za volti 230 hasara hiyo mara nyingi hutengenezwa na mwenyewe, kwa kutumia waya mwembamba wa kurefusha, tena ukiwa umeviringwa.

Liko pia suala la mwinuko, ambalo wauzaji hawalitaji. Viwango vya kimataifa huhesabu nguvu ya mota kwa mahali pasipozidi mita 1,000 juu ya usawa wa bahari na hewa isiyozidi nyuzi 40. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134, na mji wa Tarime uko takriban mita 1,500. Hivyo hakuna mota katika Mkoa wa Mara iliyo chini ya mpaka huo. Hewa ya huko ni nyepesi na huondoa joto kidogo kuliko hewa ya Unguja. Kwa haki isemwe kwamba ubaridi wa milimani hufidia upungufu huo. Lakini ndani ya kibanda cha mabati kisicho na madirisha, saa saba mchana, ubaridi huo haupo.

Vumbi la mbao na unga huziba feni na mapezi ya mota, nalo lisafishwe kila wiki umeme ukiwa umezimwa. Kuifunika mota kwa gunia ili isiingie vumbi ni kuizuia isipumue. Wenye kutumia invata kupunguza mwendo wa kerezo wakumbuke kwamba feni iliyo kwenye shafti ileile nayo hupungua mwendo. Kazi nzito kwa mwendo mdogo ihitaji feni ya pekee. Kuishika mota kwa mkono si kipimo, kwani mota nzima ya daraja F huweza kuwa moto kiasi cha kutoshikika.

Mota ikishaungua, mwenyewe aombe kuziona koili kabla hazijang'olewa. Zikiwa zote nyeusi sawasawa, mota ilizidiwa na kazi, ilikosa hewa au ilipata volti pungufu. Zikiwa nyeusi za fezi moja au mbili tu na nyingine safi, fezi ilikatika. Wakati wa kusuka ndipo inapofaa kuingiza themista tatu, moja kwa kila fezi, ambazo hupima joto la koili zenyewe na kuiamuru kontakta ikate, hata kama mkondo ni wa kawaida na kilichoziba ni feni. Kazi ya kuunganisha ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA.

Relei ikikata, mashine isiwashwe papo hapo. Mkanda na beringi zikaguliwe kwa kuzungusha kwa mkono, umeme ukiwa umezimwa, na mota iachwe ipoe. Kisha fundi aiwashe bila mzigo na kupima mkondo wa kila fezi. Fezi zikitofautiana sana, au moja ikikosekana, mashine izimwe, miunganisho ya swichi ikazwe, na ikiwa kasoro inatoka kwenye nguzo, TANESCO ipewe taarifa kabla ya kazi kuendelea.