Coco: filme ya Meksiko inayouliza foto ya wafu iko wapi

Watoto ndio walileta hii filme nyumbani, ndani ya kle. Siye wazazi tulifikiria ni michezo yao ya kila siku, tutaangalia dakika tano halafu tutarudia kwa habari. Tuliangalia mupaka mwisho. Na wenzetu wawili, watu wa mugodi, wanaume wa miaka makumi ine na zaidi, walitoka inje wakisema vumbi imewaingia mu macho. Vumbi gani usiku, mvua ilikuwa imetoka kunyesha!

Filme yenyewe inaitwa Coco. Ni ya sosiete Pixar ya Marekani, iliyoongozwa na Lee Unkrich pamoja na Adrian Molina, Mumarekani mwenye asili ya Meksiko. Iliingia mu sinema za Meksiko mwezi wa kumi mwaka wa 2017, mbele ya Marekani yenyewe, siku chache mbele ya sikukuu ya wafu. Mwaka uliofuata ikapata Oscar mbili. Ni ya kuchora tu, hakuna mutu wa kweli ndani. Lakini mambo yake ni ya kweli kabisa.

Miguel ni mutoto wa miaka 12, wa jamaa ya washona viatu. Kwao muziki ni marufuku. Sababu? Zamani, baba mumoja wa ile jamaa alibeba gitare, akaenda kutafuta maisha, hakurudia. Bibi yake, Mama Imelda, hakuketi kulia. Alijifunza kushona viatu, akafundisha mutoto wake, nyuma akafundisha bwana ya mutoto wake, mupaka jamaa nzima ikakula kwa ile kazi. Na foto ya ule mwanaume, kichwa yake ikapasuliwa. Coco ndiye ule mutoto aliyeachwa. Sasa amezeeka sana, anakaa mu kiti yake, karibu kila kitu kimemutoka mu kichwa.

Tarehe 1 na 2 ya mwezi wa kumi na moja, watu wa Meksiko wanatengeneza mu nyumba meza ya wafu, wanayoiita ofrenda. Wanaweka mishumaa, chakula mufu alichopenda, kinywaji chake, maua ya cempasúchil yenye rangi kama ya machungwa, na foto. Siye Wakatoliki tunajua zile tarehe, ni Watakatifu Wote na siku ya Marehemu. Lakini kule kuko pia mizizi ya wenyeji, ya mbele ya Waespanyole kufika. Filme inaonyesha vizuri: muji wa wafu unasimama juu ya piramidi za zamani, nyumba za nyakati zingine zikipandana juu yake.

Mu filme, sheria ni moja. Mufu ambaye foto yake haiko kwa meza hawezi kuvuka daraja ya maua kuja kuona jamaa yake. Kuko hata askari wa mupaka wanaokaguaka! (Hapo tulicheka sana. Hata wafu wanaombwa dokima.) Na siku mutu wa mwisho anayemukumbuka mu dunia anamusahau, ule mufu anapotea mara ya pili, na mara hii ni kabisa.

Inafaa kusema pia jambo ambalo filme haisemi. Mwaka wa 2013, sosiete Disney, wenye Pixar, waliomba kuandikisha jina "Día de los Muertos" kama marke yao ya biashara. Jina ya sikukuu ya wafu wa taifa nzima, ambayo UNESCO ilikuwa imeiandika mu urithi wa dunia tangu 2008! Watu wenye asili ya Meksiko wakalalamika kwa nguvu. Muchoraji Lalo Alcaraz akachora panya mukubwa wa mifupa anayekuja kula muji. Disney wakaondoa ile ombi, na nyuma wakamuita Alcaraz mwenyewe kuwa mushauri wa filme. Siye tunaokaa mu sendika tunaona hapo kitu: hawangekuja kuuliza kama watu wangenyamaza. Na filme ikapona. Watu wa Meksiko wenyewe waliijaza sinema.

Tuseme sasa siri yake, na wale hawajaiona watatusamehe. Ule mwanaume, Héctor, hakukimbia jamaa. Alitaka kurudia nyumbani. Mwenzake wa muziki, Ernesto de la Cruz, akamupatia sumu mu kinywaji, akabeba gitare yake na nyimbo zake, akakuwa mutu mukubwa mwenye sanamu na kaburi kama nyumba ya sultani. Mwenye kufanya kazi, hakuna hata foto. Mwenye kuiba, kila mutu anamuimba. Wengine wanasema hii ni hadisi ya upendo wa jamaa, ni kweli. Siye tuliona pia hadisi ya kazi iliyoibwa, pamoja na miaka mingi mama na mutoto wake wakiamini kwamba baba aliwatupa, kumbe alikufa njiani. Jamaa ngapi za migodi zinaishi na lile ulizo?

Ule muji wa wafu, wachoraji waliuangalizia kwa muji wa kweli, Guanajuato, wenye nyumba za rangi zote zinazopanda kwenye milima. Guanajuato ni muji wa migodi. Feza ya kwanza ilipatikana pale mu miaka ya 1500, na mu miaka ya 1700 mugodi wa Valenciana ulikuwa kati ya migodi iliyotoa feza nyingi zaidi mu dunia. Waliochimba, majina yao hayako kwenye kanisa yenye zahabu iliyojengwa pale juu.

Na kule Meksiko kuko wachimbaji ambao mateso yao si ya kuchora. Tarehe 19 mwezi wa pili 2006, mu mugodi wa makaa wa Pasta de Conchos, Coahuila, gazi ililipuka, watu 65 wakakufa. Walitoa maiti mbili tu. Utafutaji ukasimamishwa, 63 wakabakia chini. Wajane na wazazi walikataa. Mwaka kwa mwaka walirudia pale na foto za wanaume wao, wakiomba mifupa yao. Ni mwaka wa 2024 tu serikali ilitangaza kwamba imefikia mabaki ya wa kwanza. Ile meza ya Coco, wale wamama wameibeba miaka 18 kwenye mulango wa mugodi.

Kwetu Congo, tarehe 1 ya mwezi wa munane ndiyo siku ya wazazi, wazima na wafu. Asubuhi tunaenda na majembe kupalilia makaburi, nyuma tunarudia kukula. Siku hizi, tuseme ukweli, kukula kumeshinda kupalilia.

Mu biro ya sendika yetu kuko kaye moja ya zamani, yenye wenzetu waliokufa kazini. Kwa mistari mingi kuko tu nimero ya kazi, tarehe, na jina moja: Kalenga, Ilunga, Mutombo. Baba ya nani? Wa kijiji gani? Kisha ile filme, tulianza kutembelea wazee wa kambi jioni, na kaye mu mukono. Mupaka leo tumepata foto kumi na moja. Moja imepasuka pale kwa kichwa, lakini mama mwenyewe amesema kile kipande kingine kiko mu sanduku ya dada yake, Likasi. Tutaenda kukitafuta.