Elimu ya Fedha na Deni la Msomi kwa Mvuvi

Wapo vijana wanaodhani kwamba kusomea fedha chuo kikuu ni njia ya mkato ya kutajirika. Fikra hiyo ni potofu, na kuisahihisha hatuna budi kuanza na historia.

Kabla ya Azimio la Arusha, mabenki makubwa nchini yalikuwa mali ya makampuni ya kigeni. Februari 1967 yalitaifishwa, ikaundwa Benki ya Taifa ya Biashara. Ndipo ilipodhihirika kwamba kumiliki benki ni jambo moja, na kuwa na wataalamu wa kuiendesha ni jambo jingine. Mwaka 1972 kilianzishwa Chuo cha Usimamizi wa Fedha, Dar es Salaam. Mwaka huo huo ikaundwa Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Sheria ya mwaka 1991 iliporuhusu mabenki binafsi, mahitaji ya wataalamu yalizidi kukua.

Mwanafunzi wa fedha hujifunza kusoma mizania, kukokotoa riba, kupima hatari ya mkopo, kodi na ukaguzi. Akihitimu anaweza kuwa afisa mikopo wa benki, mtoza kodi, mkaguzi wa ndani, mtumishi wa bima au wa mifuko ya hifadhi ya jamii, mchambuzi wa hisa, au kufanya kazi katika idara ya fedha ya halmashauri. Anayetaka kusajiliwa kuwa mhasibu hufanya pia mitihani ya Bodi.

Swali la msingi ni hili: elimu hiyo yamfaa nani?

Tuchukue Ushongo, kijiji cha wavuvi wilayani Pangani. Tuseme kikundi cha wavuvi kinakopa shilingi 1,200,000 za kununulia nyavu, kwa miezi 12, na kila mwezi kinarejesha 100,000 pamoja na riba ya asilimia 2. Riba ikitozwa kwa deni la awali mpaka mwisho, kikundi kitalipa riba ya shilingi 288,000. Ikitozwa kwa deni lililobaki tu, kitalipa 156,000. Asilimia ni ile ile, lakini tofauti ni shilingi 132,000, nazo zinatoka katika jasho la mvuvi. Na yule asiyepata mkopo wowote hulazimika kukopa nyavu kwa tajiri na kumlipa samaki kwa bei apangayo tajiri mwenyewe. Hiyo nayo ni riba, ila haikuandikwa popote.

Ndugu msomaji, ujinga wa hesabu ni mlango wa unyonyaji. Kijana aliyesoma kwa mkopo wa serikali amesomeshwa kwa fedha za umma, na mvuvi wa Ushongo ni miongoni mwa umma huo. Si kosa kufanya kazi benki mjini; kosa ni kuacha daftari la kikundi cha nyumbani bila mkaguzi. Akirudi likizo, na aketi na wenzake chini ya mnazi, afungue mkataba wao wa mkopo na kuwauliza: riba hii inatozwa kwa deni lipi?