Wema wa Daktari Hulipwa kwa Nini?

Wahenga walisema kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Twakubali, lakini upo uchungu mwingine ambao hawakuutaja, nao ni wa yule angojaye nje ya mlango wa chumba cha wazazi, asiye na la kufanya wala pa kuiweka mikono yake. Askari huujua uchungu huo kuliko watu wengi, kwa maana yeye amefunzwa kutenda, na pale hutakiwa kukaa tu.

Sisi tunaoandika maneno haya tulikaa hivyo usiku mmoja. Mwenzetu wa nyumbani alikuwa na mimba ya miezi minane, nayo ilikuwa yake ya kwanza. Tangu mchana alilalamika kwamba kichwa kinamwuma sana na kwamba macho yanamwonyesha vimulimuli, na uso wake ulikuwa umevimba. Majirani walisema ni uchovu, nasi tukaridhika na neno hilo upesi mno. Ilipofika saa nne za usiku akaanza kutapika, ndipo tukaazima gari na kushika njia ya hospitali.

Kizuizi cha kwanza barabarani kilitukalisha karibu nusu saa. Aliyekuwa na zamu alitaka hati za gari, na gari halikuwa letu. Tulimweleza hali ya mgonjwa. Akajibu kwamba kila apitaye usiku ana mgonjwa. Katika kizuizi cha pili, askari kijana alimulika kiti cha nyuma mara moja tu, akauona ule uso, akainua mti bila ya kuuliza neno, kisha akaita kwa redio ili walio mbele wasitusimamishe.

Daktari wa zamu alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya chini. Alipima shinikizo la damu akakuta 170 kwa 110, ilhali hata 140 kwa 90 kwa mja mzito ni jambo la kuangaliwa. Alimwuliza mgonjwa jina lake, na tangu hapo hakumwita ila kwa jina hilo. Akamweleza yeye kwanza, na sisi baadaye, kwamba huo ni ugonjwa wa mimba, ambao kwa kawaida huanza baada ya wiki ya 20. Kwamba usipozuiwa huweza kuleta kifafa cha mimba na kuwapoteza mama na mtoto pamoja. Na kwamba dawa huutuliza tu, bali tiba yake hasa ni kuzaa. Akaamuru sindano za magnesiamu salfeti za kukizuia kifafa, na dawa ya kulishusha shinikizo. Hali ilipotulia kidogo akaamua kumpasua amtoe mtoto.

Kabla ya kuingia chumbani alitoka akaja kuketi nasi bechini, yeye ambaye alikuwa na haraka kuliko sisi sote. Alisema, "Mengine ni ya Mungu. Langu mimi ni kwamba sitamwacha peke yake."

Alfajiri tulisikia mtoto akilia. Zamu ya daktari ilikwisha saa mbili za asubuhi. Saa sita mchana tulimkuta bado yupo kando ya kitanda, kwa kuwa kifafa cha mimba huweza kuja hata baada ya kuzaa, naye alitaka kuhakikisha kwa macho yake mwenyewe. Hapo tulimwambia, maana hatukuwa na kingine cha kumpa, kwamba binti yetu tutamwita kwa jina lake. Akacheka. "Jina mpeni la bibi yake," alisema. "Mimi mtanilipa barabarani. Akija mwenzenu na mkewe usiku, msimweke nusu saa."

Maneno hayo yalituchoma, kisha yakatufikirisha. Tukajiuliza: waliotutangulia waliwalipaje waganga waliowaokolea wake zao? Tulipotafuta tulipata visa viwili vya bara letu hili, navyo vyafaa visomwe na askari.

Kisa cha kwanza chamhusu daktari wa jeshi. James Barry alikuwa daktari katika jeshi la Uingereza, naye alifika Cape Town mwaka 1816. Alikuwa mdogo wa umbo na mkali wa hasira. Alipata kupigana kwa bastola na ofisa mwenzake, na wakubwa wengi hawakumpenda. Lakini kwa wanyonge alikuwa mtu mwingine. Alitetea haki ya wafungwa na ya wagonjwa wa ukoma kupata chakula safi na matunzo ya kibinadamu, na ugomvi wake mwingi na serikali ulitokana na mambo hayo.

Mwezi Julai 1826 Barry aliitwa kwa mke wa mfanyabiashara mmoja aitwaye Munnik. Mama huyo alikuwa amelemewa na uchungu, na mtoto hakuweza kutoka. Msomaji na akumbuke kwamba wakati ule nusukaputi haikuwapo. Etha ilikuja kuonyeshwa hadharani katika upasuaji mwaka 1846, miaka 20 baadaye. Madaktari wa siku zile walikuwa hawampasui mama ila alipokuwa anakufa au amekwisha kufa, ili kumwokoa mtoto. Barry alimpasua Bibi Munnik angali ana fahamu zake, na wote wawili wakapona, mama na mwana.

Yasimuliwa kwamba Barry alikataa ujira, na kwamba alichotaka ni mtoto aitwe kwa jina lake tu. Ndivyo ilivyokuwa: mtoto akabatizwa James Barry Munnik. Barry akaendelea na utumishi wake katika visiwa na nchi nyingi hata akafikia cheo cha Mkaguzi Mkuu wa Hospitali za jeshi. Alipofariki London mwezi Julai 1865, mama aliyeutayarisha mwili wake alitoa habari iliyowashangaza watu: ule mwili ulikuwa wa mwanamke. Wachunguzi wa baadaye walithibitisha kwamba alizaliwa Ireland akaitwa Margaret Ann Bulkley, na kwamba aliingia chuo kikuu cha Edinburgh kwa jina la mwanamume, katika zama ambazo mwanamke hakuruhusiwa kusomea udaktari huko. Basi aliyekisimamia kitanda cha Bibi Munnik huenda aliyajua maumivu ya mwanamke kuliko walivyodhani waliokuwapo.

Jina lile halikufa. Mwaka 1866, haujatimia mwaka mmoja tangu Barry azikwe, alizaliwa huko Cape mtoto aliyepewa jina hilo lote, kwa heshima ya yule Munnik: James Barry Munnik Hertzog. Huyu alikua akawa jenerali katika vita vya Makaburu na Waingereza vya mwaka 1899 hadi 1902, kisha akawa waziri mkuu wa Afrika Kusini kuanzia mwaka 1924 hadi 1939. Katika utawala wake, mwaka 1936, ilipitishwa sheria iliyowaondoa Waafrika wa jimbo la Cape katika orodha ya pamoja ya wapiga kura, nao wakapoteza haki ambayo baba zao walikuwa nayo. Jina la tabibu aliyewatetea wafungwa na wenye ukoma likawa jina la mtu aliyewafungia mlango wenye nchi. Jina hurithiwa, huruma hairithiwi, sharti itendwe upya na kila mtu.

Kisa cha pili ni cha Uganda, tena hakina jina. Mwaka 1879 kijana Mwingereza aliyekuwa akisomea udaktari, Robert Felkin, alikuwa Bunyoro, mahali paitwapo Kahura. Huko alishuhudia mwanamke kijana, mwenye mimba ya kwanza, ambaye alishindwa kuzaa. Mganga wa Kinyoro alimlaza juu ya kitanda kilichoinuliwa upande mmoja, akamnywesha pombe ya ndizi hata akalegea, akanawa mikono kwa pombe hiyo, akaliosha na tumbo, kisha akampasua. Mishipa iliyotoka damu iliunguzwa kwa chuma cha moto. Mtoto akatolewa hai. Kidonda kikafungwa kwa pini za chuma na uzi wa gome la mti, kikapakwa dawa ya mizizi. Siku ya 11 kilikuwa kimepona. Felkin aliyachapisha hayo Edinburgh mwaka 1884, na waliosoma waliona kwamba kazi iliyofanywa kwa mpango na utulivu kama huo haikuwa ya kubahatisha, bali ni ujuzi uliokwisha kuzoeleka. Kumbuka pia kwamba katika miaka ile, hata Ulaya, suala la kuosha mikono na kidonda kabla ya kupasua lilikuwa lingali likibishaniwa.

Jina la mganga wa Kahura halikutufikia. Hakuna waziri mkuu aliyeitwa kwa jina lake, wala barabara. Lakini mama aliinuka kitandani na mtoto akanyonya, na mkono uliofanya hivyo ulikuwa umefundishwa na mikono mingine iliyotangulia. Huo ndio urithi wake: kwamba alipokea wema akaupitisha mbele.

Kwa kuvitazama visa hivi viwili tumelielewa neno la daktari wetu. Kumwita mtoto kwa jina la aliyemwokoa ni heshima njema, wala hatuikatazi. Lakini deni la daktari mwenye huruma halilipwi kwake. Hulipwa kwa mgonjwa ajaye. Na katika malipo hayo, ndugu zetu wa jeshi na polisi wana uwezo ambao wananchi wengine hawana.

Kwanza, ninyi ndio wenye barabara usiku. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, wanawake wapatao 260,000 walikufa mwaka 2023 kwa sababu ya mimba au uzazi, na vingi vya vifo hivyo vingeweza kuzuiliwa. Mama atokwaye na damu nyingi baada ya kuzaa huweza kufa katika muda wa saa chache. Kwake yeye nusu saa ya kukagua hati ni sehemu kubwa ya maisha yaliyobaki. Ukaguzi ni wajibu, nasi hatusemi uachwe. Twasema taa imulikwe kwanza kiti cha nyuma.

Pili, ninyi ni watu wenye afya, mkaao pamoja. Damu ya kumwongezea mzazi haitengenezwi kiwandani. Hutoka katika mkono wa mtu, tena haiwekwi akiba miaka na miaka, bali huharibika baada ya majuma machache. Kambi moja ikijitolea kwa zamu huweza kuijaza tena na tena benki ya damu ya hospitali iliyo jirani nayo.

Tatu, wengi wenu ni waume. Shirika hilohilo lilishauri mwaka 2016 kwamba mja mzito aonane na wahudumu wa afya mara nane, na mara ya kwanza iwe kabla ya kutimia wiki 12. Mume aliye lindoni mbali hawezi kumsindikiza mkewe kila mara, lakini aweza kuuliza katika kila barua na kila simu: umekwenda kliniki? Walikupima shinikizo? Na aweza kuzijua dalili ambazo sisi tuliziita uchovu: kichwa kisichoacha kuuma, macho kuona kiwi, uso kuvimba, damu kutoka, na degedege. Mojawapo ikitokea, hakuna kungoja asubuhi.

Binti yetu ana jina la bibi yake, kama alivyoamriwa. Daktari tulimshukuru kwa maneno, na tukizaliwa mara mbili hatutayamaliza. Lakini kila tukumbukapo usiku ule, twamkumbuka na mwingine, yule askari kijana wa kizuizi cha pili aliyeinua mti asiulize neno. Katika haraka ile hatukumwuliza jina lake. Popote alipo lindoni usiku huu, ajue kwamba mtoto yule anaishi, na kwamba mkono wake pia ulikuwamo.