Bei ya Kwanza ya Mashine ya Kufulia, na Hesabu Yake Ufukoni mwa Mweru

Bei ya kwanza ya chombo cha kale, yaani ile aliyoilipa mnunuzi wa mwanzo dukani, ni jambo ambalo wakusanyaji wa mashine za kufulia za zamani hulitafuta kwa bidii, na ndilo pia linalowapotosha kwa urahisi. Huko Marekani, ambako Lee Maxwell wa mji wa Eaton, Colorado, alikusanya mashine zaidi ya 1,000, bei hizo hupatikana katika katalogi za maduka, matangazo ya magazeti na stakabadhi zilizosahauliwa ndani ya droo. Kibati kilichopigiliwa ubavuni mwa mashine hakisaidii sana, kwa kuwa hata tarehe ya hataza iliyochongwa juu yake (hataza ni haki ya kisheria inayomlinda mvumbuzi dhidi ya wanaoiga kazi yake) huonyesha tu kwamba mashine haikuundwa kabla ya siku hiyo, nayo yawezekana iliundwa miaka mingi baadaye.

Mashine ya Bendix ya mwaka 1947, yenye mlango wa mbele na uwezo wa kufua, kusuuza na kukamua bila kuguswa kwa mkono, iliuzwa kwa dola 249.50. Kiasi hicho huonekana kidogo mpaka kiwekwe kando ya ujira: kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na sheria ya shirikisho kilikuwa senti 40 kwa saa, hivyo aliyelipwa kima hicho alihitaji saa 624 za kazi, ambazo ni zaidi ya majuma 15 ya saa 40, na hapo hajala wala hajalipa pango.

Mkazi wa Nchelenge, mji wa Zambia ulio ufukoni mwa Ziwa Mweru, anayetaka kuihamishia bei hiyo kwenye fedha ya kwao atapita ngazi tatu. Mwaka 1947 pauni moja ilikuwa dola 4.03, na pauni iliyotumika Rhodesia ya Kaskazini ilikuwa sawa na ile ya Uingereza, kwa hiyo mashine ile ilikuwa na thamani ya karibu pauni 62. Tarehe 16 Januari 1968, Zambia ilipoiacha pauni, kila pauni ilibadilishwa kwa kwacha 2, nazo zikawa kwacha 124. Na tarehe 1 Januari 2013, sifuri tatu zilipoondolewa, kwacha hizo zikabaki ngwee 12 na ushei (ngwee 100 ni kwacha moja). Ng'ambo ya ziwa, huko Pweto na Kilwa ya Kongo, mambo ni mazito zaidi, kwani faranga iligawanywa kwa 1,000 kuwa zaire mwaka 1967, zaire ikagawanywa kwa milioni 3 mwaka 1993, kisha kwa 100,000 iliporudishwa faranga mwaka 1998, na anayezidisha migawanyo hiyo mitatu hupata trilioni 300. Hesabu zote mbili ni sahihi kabisa, na zote mbili hazina maana, kwa sababu zinafuata jina la fedha tu na kuacha kile ambacho fedha hiyo ingeweza kununua.

Eneo hili lilikuwa na kipimo kingine kabla ya sarafu. Wafanyabiashara Waswahili waliofika kwa Kazembe, mfalme wa Walunda, katika karne ya 19 walipima thamani kwa vitambaa vya merikani na kaniki, na mwenye kufua nguo wakati huo alikuwa, kwa namna fulani, akifua fedha yake. Kazi yenyewe ya kufua, ambayo kwa sehemu kubwa hufanywa na wanawake ukingoni mwa maji, kwa sabuni ya kipande, jiwe na jicho moja likiwaangalia mamba, haikuandikiwa stakabadhi. Ndiyo maana mashine yoyote iliyoletwa huku ingeshindana na kazi ambayo daftari la matumizi liliihesabu kuwa bure. Ukosefu wa umeme si maelezo ya kutosha ya kwa nini mashine hazikuenea huku, kwa kuwa tangu miaka ya 1910 kampuni ya Maytag iliuza mashine zenye injini ndogo ya petroli, iliyowashwa kwa kukanyaga pedali na kupeleka moshi nje kwa bomba, zikikusudiwa hasa mashamba yasiyo na umeme.

Kwa kuwa mashine ilishindwa na kazi hiyo ya bure, chombo kinachostahili kukusanywa Nchelenge ni pasi ya mkaa, nayo ina sababu isiyohusiana na unadhifu. Inzi aitwaye putsi hutaga mayai kwenye mchanga na juu ya nguo mbichi zilizoanikwa, na funza wanaoanguliwa hupenya ngozi ya mvaaji na kufanya jipu. Joto la pasi, likipita kila mahali hadi kwenye mshono wa kiuno na mikunjo ya nepi, huwaua. Pasi yenyewe ni sanduku la chuma lenye kitako kizito, matundu ya hewa ubavuni, mpini wa mbao, na kifuniko kinachofungwa kwa komeo ambalo mara nyingi limetengenezwa kwa umbo la jogoo. Pasi iliyotumika kweli hutambulika kwa mpini uliobabuka upande wa chini, bawaba iliyolegea na kitako kilicholainika kwenye ncha kuliko katikati, ilhali ile iliyozeeshwa kwa ajili ya watalii huwa na kutu iliyoenea sawasawa kila pahali.

Kwa kuwa pasi hizi mara nyingi hupita mkono kwa mkono bila karatasi, bei yake ya kwanza hubaki katika kumbukumbu za wazee, na mkusanyaji makini anayemhoji mwenye pasi pale Kashikishi, jirani na Nchelenge, huandika mambo matatu pamoja: kiasi kilicholipwa, fedha iliyotumika wakati huo, na idadi ya vikapu vya samaki wakavu vilivyouzwa ili kukipata.